Dakika Nne za Fu Ting-fa

Fu Ting-fa alipeleka barua hapa mjini kwetu Meinong kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akipaza sauti. Mbwa akimng'ata, alinyamaza. Tufani ikimlowesha mpaka mifupani, alinyamaza vilevile, akafungua mfuko wa nailoni akakutolea barua kavu. Mimi nauza tambi za mchele ng'ambo ya kichochoro, mlango wangu unatazamana na wake, kwa hiyo naijua siku aliyopiga kelele kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa kumi na mbili, msimu wa figili, saa tatu asubuhi, na aliyekuwa akigombezwa ni kompyuta.

Habari ya picha zake ilianza na mbwa. Kila alipokwenda likizo, wenzake waliomshikia zamu walirudi posta na suruali zilizochanika. Akanunua kamera ndogo, akampiga picha kila mbwa na geti lake, akazibandika ukutani ofisini na maelezo chini yake: huyu kelele tu, huyu anauma, huyu anasubiri ugeuze mgongo. Baada ya mbwa zikaja picha za watu. Ukiletewa barua ya rejista ni lazima ugonge muhuri wako wa jina, ambao kwetu ndio sahihi, na katika nyumba zetu muhuri haukai mahali pake hata siku moja. Mwenye barua anaingia ndani, anafungua droo zote, anamuuliza mkwe, anamlaumu mjukuu, na muda wote huo mpeleka barua amesimama getini. Ting-fa akisimama hivyo alipiga picha ukuta, maua, pikipiki ya mwenye nyumba, halafu mwenye nyumba mwenyewe akitoka na muhuri mkononi. Tulimzoea kama tulivyoizoea honi yake.

Alipostaafu alikuwa na picha elfu hamsini na nane. Binti yake Shu-hui, anayeishi Taichung, akamnunulia kompyuta na programu ya kutunzia picha, akamfundisha kwa siku mbili, akaondoka. Ting-fa alikaa mbele ya ile kompyuta majira matatu ya baridi akiandika majina. Kila uso aliuandikia jina, na nyumba, na mtaa. Alipomaliza, ukimtajia mtu yeyote wa njia yake ya barua, aliandika jina lile na picha zote za mtu huyo zikajipanga mbele yako kwa miaka. Habari zikaenea. Sisi ni watu wa kupiga picha chakula na milima. Bibi tunamkumbuka akishalazwa sebuleni na watu wa mazishi wanauliza picha ya kuweka madhabahuni iko wapi. Basi familia nyingi zilivuka kichochoro hiki kwenda kubisha hodi kwa Ting-fa, na hakuna iliyorudi mikono mitupu.

Jumapili ile alikufa Bibi Wen Lan-mei, mwenye miaka tisini na mmoja. Jumanne asubuhi akaja mwanawe, Chung Jen-ho, mkulima wa mapapai, mtu wa miaka hamsini na sita, na kitambaa cha msiba kimefungwa mkononi. Nilikuwa hapo kwa sababu nilikuwa nimepeleka mabakuli ya asubuhi. Jen-ho alikuwa na picha mbili tu za mama yake. Moja ya kitambulisho, ambamo mama anaonekana kama mshtakiwa. Nyingine ya harusi ya mjukuu, na kofia ya mgeni fulani imemla nusu ya uso. Duka la fremu lilitaka picha kabla ya saa sita mchana siku ya Alhamisi.

"Kaka Ting-fa," akasema, "mama alikuwa hapendi kamera. Lakini na wewe mlionana miaka mingi."

Ting-fa akamvutia kiti. "Kunywa chai. Dakika tano tu, utamwona."

Akafungua programu, akaandika jina la bibi. Duara likazunguka pale kwenye kioo, likazunguka, halafu programu ikajifunga. Ikabaki picha ya mlima aliyoiweka nyuma, na maneno madogo: programu imefungwa bila kutarajiwa, tunaomba radhi. Akacheka kidogo, akamwambia Jen-ho kwamba imepiga chafya. Akafungua tena. Duara, kimya, tunaomba radhi. Mara ya tatu hakucheka. Mara ya tano Jen-ho alikuwa amemaliza chai na anatazama majani chini ya kikombe, na Ting-fa shingo imekuwa nyekundu. Mara ya saba ndipo akapiga meza kwa kiganja na ile kelele ikatoka: "Unaomba radhi kwa nani, na kwa lipi? Sema basi!"

Jen-ho akasimama taratibu, akasema ana mambo ya wageni nyumbani, atapita tena. Ting-fa alimsindikiza mpaka nje akiinama na kuahidi, na aliporudi ndani hakuniona hata mimi niliyekuwa nimesimama na mabakuli yangu.

Kikwazo chenyewe kilikuwa hivi. Picha zilikuwepo, zimejaa ndani ya diski, unaweza kuzifungua moja moja bila programu. Lakini kila moja inaitwa kwa namba iliyopewa na kamera, tarakimu tupu, wala tarehe za kamera zile hazikuaminika, maana aliwahi kusahau kuzirekebisha miaka minne mfululizo. Majina yote, kazi ya majira matatu, yalikaa ndani ya programu. Bila programu, Bibi Lan-mei alikuwa uso mmoja katika elfu hamsini na nane.

Siku ile nzima alihangaika. Alizima kompyuta akaiwasha. Alichomoa kila waya akachomeka tena, akafuta vumbi kwa brashi ya rangi. Aliiondoa programu akaiweka upya, kazi ya saa nzima, na ilipomaliza kujiweka ikafunguka vizuri, ikaonyesha picha zake, yeye akaita mkewe aje aone, na mkewe alipofika ilikuwa imeshajifunga. Mkewe, Chin-mei, alikuwa uani na wanawake wawili wa ukoo wakikata figili za kutia chumvi, na sidhani alifurahi kuitwa na mikono mibichi kuja kutazama picha ya mlima.

Mchana akapiga simu huduma kwa wateja ya kampuni iliyotengeneza programu. Alisubiri kwenye mstari dakika arobaini akisikilizishwa kinanda. Msichana aliyepokea alimuuliza kama amejaribu kuzima na kuwasha, akamwambia asubiri kidogo, na simu ikakatika. Alipiga tena, akasubiri tena kinanda kilekile. Safari hii alimpata mwanamume mpole aliyemsikiliza mpaka mwisho, akamwambia dawa ipo: afute orodha ya programu, aanze orodha mpya. Akamtoa wasiwasi kwamba picha hazitapotea hata moja.

"Na majina?" Ting-fa akauliza.

Yule mtu akasema, "Majina yako ndani ya orodha, mzee. Yatafutika."

Ting-fa akamshukuru, akakata simu, akakaa ameishika.

Jioni alipokuwa akila, Chin-mei alijaribu kumpooza. Akamwambia amwambie Jen-ho ukweli, si aibu, duka la fremu lina watu wa kunyoosha picha ya kitambulisho. Ting-fa akajibu vibaya. Akasema yeye hawezi kuelewa, kazi ya miaka mitatu si figili. Hapo mkewe akaweka vijiti vya kulia chini.

"Baba Shu-hui, hiyo miaka mitatu umeandika majina ya Meinong nzima. Langu umeliandika mara ngapi?"

"Wewe hukuwa na barua ya kupokea," akasema.

Haya nimeambiwa na Chin-mei mwenyewe, na aliponiambia alikuwa bado amekasirika.

Jumatano asubuhi Ting-fa aliifunga kompyuta kwa blanketi, akaikaza nyuma ya pikipiki kwa kamba za mpira alizokuwa akifungia vifurushi, akaenda mji wa jirani wa Qishan kwa Bi Huang, fundi wa kompyuta. Huyu ni mama wa makamo, duka lake limejaa mashine zilizofumuliwa, naye hana maneno mengi. Aliipima kumbukumbu, akaipima diski, akasikiliza feni kwa sikio. Akafungua programu. Ikajifunga mbele ya macho yake, na Ting-fa anasema alikaribia kufurahi, kwa sababu tangu jana alikuwa ameanza kudhani inamfanyia yeye tu.

Bi Huang akamwambia mashine ni nzima. "Mgonjwa ni programu, au kitu inachokula."

Alimuuliza kama karibuni iliomba kusasishwa. Ting-fa akakumbuka kwamba ndiyo, wiki iliyopita iliomba, naye akakubali, kama anavyokubali kila inachoomba. Bi Huang akatikisa kichwa. Huenda tangu siku ile inazisoma picha zote upya, moja moja, kimyakimya, na kuna picha iliyoharibika inayoikaba. Lakini ni ipi, katika elfu hamsini na nane, hakuweza kujua. Akamnakilia kila kitu kwenye diski nyingine, akamwapisha asiguse chochote kabla ya kuwa na nakala, akamfundisha njia ya kutafuta kwa kugawa nusu kwa nusu. Kazi ya siku mbili au tatu, alisema. Ting-fa alikuwa na siku moja.

Alirudi mchana. Nilimwona akifungua blanketi, uso umemsawajika. Hakula. Akaiwasha, programu ikafunguka, ikajifunga. Akaifungua tena kwa sababu hakuwa na lingine la kufanya. Mlango wa uani ulikuwa wazi, Chin-mei ameketi kizingitini na beseni, kisu chake kinakata figili bila kusimama. Walikuwa hawajasemeshana tangu jana. Ting-fa safari ile hakuandika jina wala hakugusa kipanya, alikaa tu ametazama kioo, na programu ikajifunga vilevile. Akatukana kwa sauti ya chini.

"Nne," akasema Chin-mei kutoka mlangoni.

Akamuuliza nne nini.

"Figili. Kila ikizima nimemaliza figili nne. Jana hivyo, leo hivyo. Ukiandika jina, nne. Usipoandika, nne."

Ting-fa akageuka. Akamwomba arudie. Kisha akachukua saa ya jikoni, akafungua programu, na wote wawili wakaitazama. Dakika nne na sekunde chache. Tena. Dakika nne na sekunde chache. Haikuwa inakufa kwa kuulizwa kuhusu Bibi Lan-mei. Ilikuwa inajisomea zake, inafika kwenye picha mbovu mahali palepale, inakabwa.

Aliyoyafanya baada ya hapo yalikuwa ya mpeleka barua, mtu anayejua lori la posta halimsubiri. Aligundua kwamba dakika tatu za mwanzo programu inapakia picha, na ukiiuliza jambo kabla haijamaliza, inaduwaa mpaka kifo chake. Kosa lake lilikuwa haraka. Ukisubiri zipite dakika tatu, ukaandika jina hapo, inakujibu upesi, na unabaki na kama dakika moja ya kusoma kabla haijakuaga. Basi wakagawana kazi. Chin-mei alinawa mikono, akashika saa na kuhesabu kwa sauti. Ting-fa alisubiri vidole vikiwa juu ya vitufe, akaandika jina, nyuso za bibi zikatokea, akaanza kusoma namba zilizo chini yake, na Chin-mei akiziandika nyuma ya kalenda ya zamani. Mzunguko wa kwanza walipata namba tano, na moja Chin-mei aliiandika vibaya kwa sababu mumewe alikuwa anakimbiza maneno.

"Soma kama mtu," akamwambia. "Si mnada huu."

Mzunguko wa pili ukavunjika kwa sababu simu iliita. Wa tatu wakapata saba. Wa nne kompyuta yenyewe iliganda, ikabidi waizime kwa kidole. Ilikuwa kama kuchota maji kwa mkono. Lakini kabla jua halijashuka nyuma ya milima walikuwa na namba kumi na tisa, wakazitafuta moja moja ndani ya diski, wakaziweka pamoja, na Ting-fa akanituma mimi nikamwite Jen-ho, maana alisema akimpigia simu atashindwa kuongea vizuri.

Jen-ho alikaa kwenye kiti kilekile. Ting-fa akamfungulia picha. Ni kweli bibi hakupenda kamera. Katika nyingi ameinua mkono kumfukuza mpiga picha, katika nyingine anagombeza, katika moja amegeuka kabisa, unaona kisogo na muhuri tu. Kulikuwa na moja ya mwaka ambao mipapai ilizaa sana, amesimama wima getini, nywele zimechanwa, kama anatabasamu. Ting-fa alikuwa ameiweka ya mwisho kusudi, akiamini ndiyo itakayochaguliwa, na mimi pia nilidhani hivyo.

Jen-ho aliitazama, akashukuru, akaomba arudishiwe ya kumi na mbili.

Katika ile, bibi hatazami kamera. Amegeuza uso upande wa nyumba, shingo imenyooka, mdomo uko wazi kidogo, mkono mmoja umeishika barua kifuani.

"Hapa anamwita mtu," akasema Jen-ho.

"Anakuita wewe," akasema Ting-fa. "Ulikuwa umelala mchana."

"Alisemaje?"

Ting-fa akafikiri. "Alisema, lete muhuri, na uvae viatu."

Jen-ho akainama, akaweka mikono juu ya magoti. Chin-mei akaenda kuongeza maji ya chai ambayo hayakuhitaji kuongezwa. Aliporudi, Jen-ho alikuwa anauliza tu kama duka la fremu wataweza kuikuza vya kutosha.

Alhamisi kabla ya saa sita picha ilikuwa dukani. Wazee wawili wa ukoo wa Chung, upande wa mumewe bibi, walinung'unika kwamba marehemu hatazami wanaomsujudia, tena mdomo wazi, si adabu. Jen-ho akawajibu kwamba ndivyo alivyokuwa, na kama wao wana bora zaidi wailete. Hawakuwa nayo. Siku ya mazishi nilisimama mstarini na uvumba mkononi, na kila aliyefika mbele ya madhabahu niliona akigeuka kidogo kutazama upande wa kushoto, kuona bibi anamwita nani.

Ungedhani Ting-fa angepumzika. Aliporudi mazishini alianza ile kazi ya nusu kwa nusu. Anahamisha nusu ya picha pembeni, anafungua programu, anasubiri. Ikifa, mbovu iko katika nusu iliyobaki. Isipokufa, iko katika ile aliyoitoa. Anagawa tena. Kuhamisha kwenyewe kulichukua saa nzima, na mara mbili alisahau ni nusu ipi aliyokuwa ameshaipima, akaanza upya huku akijitukana kwa maneno ambayo sikujua anayajua. Alizidi kuwa mkali. Alimgombeza mnunuzi wangu mmoja kwa kuegesha pikipiki mbele ya dirisha lake. Chin-mei alihamia kwangu na figili zake siku mbili nzima, akisema ni heri moshi wa jiko langu.

Jumapili alasiri, baada ya kugawa mara kumi na tano, zikabaki picha mbili. Akaitoa moja, akafungua, akatazama saa. Dakika nne zikapita. Tano. Kumi. Programu ikaendelea kusoma kama mtoto aliyetulia. Ile picha aliyoitoa alijaribu kuifungua peke yake: robo ya juu ni anga na ncha ya paa la vigae, chini yote ni kijivu kitupu. Ilitoka katika kadi iliyolowa maji mwaka wa ile tufani kubwa. Alijaribu kulitambua paa lile akashindwa, akachukua pikipiki akazunguka njia yake ya zamani jioni ile mpaka giza likaingia, akitazama mapaa, na hakulipata. Ama limebomolewa ama limebadilishwa likawa la bati. Hilo lilimkera kuliko yote.

Jumatatu asubuhi programu ikamwandikia kwamba kuna toleo jipya, je, angependa kusasisha sasa. Nilimwona akisimama, akaenda ukutani, akachomoa waya wa intaneti, akauzungusha mkononi akautia kwenye droo.

Haiamini tena. Programu inafanya kazi vizuri tangu wakati ule, lakini yeye ameanza kuandika majina upya, safari hii katika jina la faili lenyewe, picha moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wa njia yake ya barua, kuanzia nyumba iliyo nyuma ya posta. Bi Huang alimwambia kwa simu kuna njia ya kuyatoa majina yote kwa mkupuo mmoja. Akamjibu asante, lakini anataka kuyaona yakiingia.

Jana nilivuka kumpelekea bakuli. Alikuwa amefika mtaa wa tatu, anamwandika mwenye duka la mbolea. Nikamuuliza, kwa mwendo huo itamchukua miaka mingapi. Akasema sita, saba, halafu akaniomba nisogee, nimemkinga mwanga.